Mega moja ina masomo mangapi?

Kazi yangu ni mitandao. Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, napanda juu ya mapaa ya watu, nafunga antena, napima nguvu ya mawimbi, na jioni najibu maswali ya wazazi ambao mega zao za intaneti zimeyeyuka bila kujulikana zilikokwenda. Ndiyo maana mtu akiniambia kwamba wakati wa korona watoto wa Kongo "walisomea nyumbani", mimi huanza na hesabu kabla ya siasa.

Tukumbushane kidogo. Tarehe 18 Machi 2020 Rais Tshisekedi alitangaza kufungwa kwa shule zote kuanzia kesho yake. Madarasa ya mwisho, wale wa TENAFEP (mtihani wa kumaliza shule ya msingi) na Examen d'État (mtihani wa kumaliza sekondari), walirudi Agosti. Wengine walikaa hadi Oktoba, kisha shule zikafungwa tena kuanzia Desemba hadi tarehe 22 Februari 2021. Katikati ya hapo kulikuwa na masomo ya redio, ya televisheni na ya intaneti, na waliofanya kazi hiyo walijitahidi kweli. Mimi nauliza tu: somo likishatoka studio au kwenye seva, linamfikia nani?

Tuanze na uzito wake. Video ya ubora wa kawaida inakula kama mega 500 kwa saa. Sauti peke yake, ukiibana hadi kilobiti 24 kwa sekunde, inakula mega 11 hivi. Kwa muziki ungekuwa ukatili, lakini mwalimu anayeeleza sehemu za ua anasikika bila shida. Picha ya ukurasa wa daftari, ikipunguzwa vizuri, haifiki nusu mega, na maandishi matupu ya somo hilohilo ni kilobaiti chache. Yaani yaleyale ya sayansi, darasa la tano, yanaweza kumgharimu mzazi mega 500 au yasimgharimu karibu kitu. Anayeamua somo liwe video ameshaamua, hata kama hakukusudia, ni watoto gani watakaokosa.

Halafu kuna hili la "bure". Mama mmoja anayeuza samaki Kadutu, mtaa wa hapa Bukavu, aliniletea simu yake: "Fundi, waliniambia jukwaa la masomo halilipiwi. Mbona mega zangu zimekwisha?" Hakudanganywa kabisa. Kampuni ya simu inaposema tovuti fulani haina malipo, kinachofanyika ni kwamba anwani ya tovuti hiyo inaandikwa kwenye orodha, na data inayotoka kwenye anwani hiyo haihesabiwi. Lakini ukurasa wa somo mara nyingi hauhifadhi video zake wenyewe: unaziita kutoka seva nyingine isiyo kwenye orodha. Maandishi yanakuja bure, video inalipiwa. Na ukishawasha data ili usome cha bure, programu nyingine ndani ya simu nazo zinaamka na kujisasisha kimyakimya kwa pesa yako. Nilimwonyesha namna ya kuzifunga. Ni menyu tatu ndani, kwa Kifaransa.

Na nisisahau RAM, ile tozo ya kusajili simu iliyoanza Septemba 2020. Dola 1 kwa mwaka kwa simu ya 2G, dola 7 kwa ile ya 3G au 4G, ikikatwa moja kwa moja kwenye salio. Iliondolewa mwaka 2022 baada ya watu kupiga kelele sana. Mwaka uleule simu ilipogeuzwa kuwa ubao wa darasa, simu yenye uwezo wa kufungua somo ndiyo iliyotozwa zaidi. Sijui nani alikaa mezani siku hiyo, ila mzazi wa watoto watano hakuwemo.

Takwimu za dunia zilikuwa mbaya tayari. Desemba 2020 UNICEF na ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, walisema watoto na vijana bilioni 1.3 wa umri wa miaka 3 hadi 17 hawana intaneti nyumbani, na kwa Afrika Magharibi na Kati, kundi ambalo UNICEF inatuweka, wenye nayo ni 5% tu. Hata hiyo 5% naiangalia kwa jicho moja, maana inahesabu nyumba. Nyumba "zenye intaneti" ninazozijua huku Bagira, mtaa mwingine wa Bukavu, zina simu moja, nayo inatoka asubuhi na baba anayeendesha pikipiki. Inarudi usiku, betri imebaki kidogo, na SNEL, shirika la umeme, imeshakata. Watoto ni watatu wa madarasa matatu. Anayeipata ni mkubwa wa kiume, kwa sababu ana mtihani, na binti anayemfuata yuko kwenye foleni ya maji. Kwenye takwimu wote watatu wameunganishwa.

Umeme ndio unaoniuma zaidi, kwa sababu mabwawa ya Ruzizi I na Ruzizi II yako hapo chini tu, kusini mwa mji. Ruzizi I ilijengwa enzi za Wabelgiji. Bado tunapeleka simu kwenye kibanda cha kuchaji, tunalipa, tunaiacha huko saa nzima au zaidi. Kinachobaki ni redio ya mawe, yaani ya betri.

Redio naitetea bila aibu. Msikilizaji halipi hata mega moja, awe mmoja au laki moja. Radio Okapi ilirusha masomo kupitia Okapi École, na nilisikia vipindi vizuri. Ila mawimbi ya FM yanakwenda moja kwa moja kama macho: kilima kikikaa kati yako na antena, unapata mkwaruzo tu, na Bukavu ni vilima juu ya vilima. Tena redio haina masikio. Mtoto asiyeelewa sehemu za desimali hana pa kunyosha mkono, na dakika 30 zikipita zimepita.

Hapo tungeweza kufanya kitu rahisi. Kila mtu hapa anajua kubipu: unapiga na kukata kabla hajapokea. Mtoto anabipu, mwalimu anapiga. Kinachohitajika ni mwalimu apewe unité, yaani salio la kupigia, kwa sababu wale wa shule za binafsi, ambao mshahara wao ni karo ya wazazi, walikaa miezi bila senti.

Na mtandao wa pili tunao tayari, usio na antena: vijana wanaotia nyimbo na filamu kwenye kadi za simu kando ya soko. Kadi ya giga 4 inabeba zaidi ya saa 300 za sauti kwa kipimo nilichotaja juu. Mtu mmoja mwenye Wi-Fi nzuri anapakua mara moja, vijana hao wanasambaza hadi vijiji ambako mimi sijawahi kuona mnara. Mkijaribu, sauti iwe MP3, maana simu nyingi za vitufe hazifungui aina nyingine. Majina ya faili yawe mafupi na yaanze na darasa, kisha wiki, kisha somo: 5-03-hesabu. Simu ndogo inapanga faili kwa jina na kukata linalozidi, na mtoto hawezi kuchagua kati ya faili arobaini zote zinazoanza na "Ministère", yaani wizara.