Yai linatoka, mbona mimba haishiki?

Swali hili naulizwa mara nyingi kliniki hapa Nairobi, na mwanamke mwenye endometriosisi ambaye kipimo cha mkojo kinamwonyesha kila mwezi kwamba yai linatoka. Kwa kawaida linatoka kweli. Ila kipimo hicho husoma homoni ya LH tu, yaani amri ya kuliachia yai. Hakilioni yai wala njia yake.

Katika ugonjwa huu, tishu inayofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba huota nje yake, hasa kwenye ovari na nyuma ya mji wa mimba. Hukera viungo vya jirani na kuacha makovu. Mwishoni mwa mrija wa uzazi kuna vidole laini vinavyolidaka yai. Vikishikana kwa makovu, yai hutoka lisipokelewe. Hata mirija ikionekana wazi kwenye picha ya eksirei, majimaji ya nyonga huweza kujaa kemikali zinazodhuru yai na mbegu. Ndiyo sababu picha safi hainitoshi.

Wenzi wasio na tatizo wana nafasi ya takribani 15 hadi 20% ya kupata mimba kila mwezi. Endometriosisi isipotibiwa, makadirio hushuka hadi kati ya 2 na 10%. Hiyo si sifuri, na wengi hushika mimba wenyewe.

Uvimbe wa ovari uliojaa damu nzee hupunguza akiba ya mayai, lakini kuukata pia kunaweza kuipunguza. Kwa hiyo sikimbilii kisu. Napima kwanza homoni ya AMH, inayoonyesha akiba hiyo ya mayai, na kumuuliza mama umri wake na maumivu yake.

Ushauri unaoniumiza ni huu: "Meza tembe miezi sita zikusafishe, halafu utafute mtoto." Tembe za homoni hutuliza maumivu, na kwa hilo nazipenda, lakini huzuia yai kutoka na haziongezi nafasi ya mimba baadaye. Anayetafuta mtoto hupoteza muda, na muda ndio asio nao.

Marehemu Njambi Koikai, mtangazaji aliyeugua endometriosisi, aliwafanya Wakenya wengi wautaje ugonjwa huu bila aibu. Basi ukiambiwa unao, usingoje mwaka mzima wa kujaribu, njoo mapema. Na mumeo aje pia, mbegu zake zipimwe kabla hatujazungumzia upasuaji wako.