Jakarta inadidimia, na sababu kuu si bahari
Ujumbe unaozungushwa kwenye magrupu unadai Jakarta, Indonesia, inamezwa na bahari inayopanda. Tafadhali usiusambaze, kwani unaficha tatizo linalotibika. Bahari inapanda kweli, ila kwa milimita 3 hadi 4 hivi kwa mwaka. Ardhi ya kaskazini mwa jiji, mfano Muara Baru, imekuwa ikishuka kwa sentimita kadhaa kwa mwaka. Sababu kuu ni visima virefu: maji yake yakivutwa kwa pampu, tabaka za mfinyanzi zilizo chini hubanana, wala hazivimbi tena kikamilifu hata mvua inyeshe. Mafuriko yanaonekana, kushuka kwa ardhi hakuonekani. Ndiyo maana watu huchanganya. Kuhakiki, linganisha vipimo vya ardhi vya setilaiti na vya usawa wa bahari. Tokyo ilidhibiti uvutaji wa maji ya visima, ardhi ikatulia.