Tulkiti ya kiolesura ni nini, na kwa nini OpenGL haimo

Nimesoma kwa mara nyingine mtu akishauri kwamba Pure Data, programu ya kutengenezea sauti na muziki kwa kuunganisha visanduku, iachane na Tk inayochora dirisha lake, "ihamie OpenGL", na waliomsoma wakaitikia kana kwamba vitu hivyo viwili hukaa rafu moja. Havikai.

Tulkiti ya kiolesura ni mkusanyiko wa sehemu za dirisha zilizokwisha tengenezwa, kama vitufe, menyu na visanduku vya kuandikia, pamoja na mzunguko wa matukio, yaani ile sehemu inayosubiri kipanya na kibodi na kuuita msimbo wako jambo likitokea. Tk, GTK na Qt ni tulkiti. OpenGL na Cairo ni maktaba za kuchora tu. Iombe Cairo mstari, utaupata. Iombe menyu, haina. Maktaba ya kuchora ni rangi na brashi, tulkiti ni milango iliyokwisha chongwa na bawabu wa kuitikia hodi.

Kwa programu ya kujaza fomu au kuweka hesabu za duka, maana hiyo inatosha. Matata huanza unapojenga mazingira ya kuprogramu kwa picha, ambako mtumiaji huburuta visanduku na kuviunganisha kwa nyaya badala ya kuandika msimbo. Huko vitufe na menyu ni mambo ya pembeni. Kazi yote iko kwenye ule uwanja mtupu wa katikati, kanvasi, na watu hubishana kuhusu sura ya vitufe huku kanvasi hawaigusii kabisa.

Kuna kanvasi inayokumbuka na kanvasi inayosahau. Ya Tk inakumbuka. Ukichora waya, unapewa namba yake. Baadaye unaweza kuagiza waya huohuo usogezwe, ubadilishwe rangi, au msimbo wako uitwe mtu akiubofya. Unaweza pia kuvipa lebo moja kisanduku, maandishi yake na vitundu vyake vya kuunganishia, kisha ukavihamisha vyote kwa amri moja. Vitufe vya Tk, aliyoianzisha John Ousterhout kule Berkeley, vina sura ya kizamani, sibishi. Kanvasi yake ni habari nyingine. Qt ina kanvasi ya namna hiyo, ile ya sasa ikiwa imekuja na toleo la 4.2 la mwaka 2006, na SVG, namna ya kuchora maumbo ndani ya kivinjari, hukumbuka vilevile. GTK hukupa eneo tupu na Cairo: unapaka, inasahau. (Cha ajabu, GTK ilizaliwa kwa ajili ya GIMP, programu ya kuhariri picha.) Mtu akibofya, unaambiwa tu kipanya kilikuwa pikseli ipi. Kama hapo pana waya, kisanduku au hapana kitu, piga hesabu mwenyewe, na ndivyo GNU Radio Companion ya GTK, programu ya kuunganisha visanduku vya mawimbi ya redio, inavyofanya.

Kusahau si kasoro kila mahali. Scratch 3.0, ya kuwafundishia watoto kuprogramu, iliyotoka Januari 2019 baada ya matoleo yaliyojengwa kwa Squeak na Flash, hutumia njia zote mbili katika ukurasa mmoja: vipande vya msimbo ni SVG, kwa sababu kila kimoja lazima kishikike peke yake, lakini jukwaa wanapocheza wahusika huchorwa kwa WebGL, ndugu ya OpenGL ndani ya kivinjari, maana pale picha hupakwa upya muda wote.

Turudi kwa Pure Data, kwa sababu kuna kosa la pili: eti "imeandikwa kwa Tk". Kiini alichokiandika Miller Puckette ni cha lugha ya C, na ndicho kinachokokotoa sauti. Dirisha la Tcl/Tk (Tcl ni lugha ya kuiamuru Tk) ni mchakato mwingine kabisa, na viwili hivyo huzungumza kwa soketi, yaani njia ya kupitishiana ujumbe, ili dirisha likikwama kuchora, sauti isikatike nalo. Mpango mzuri. Lakini kiini cha C kilizoea kutuma amri za Tcl zenyewe. Badala ya kusema "kisanduku hiki kimeunganishwa na kile", kilisema "chora mstari kwenye kanvasi fulani, kutoka hapa hadi pale". Kwa hiyo tabia za Tk zikapenya hadi upande ambao haukupaswa hata kujua kwamba Tk ipo. Waliotengeneza Purr Data, toleo jingine la Pure Data lililoweka NW.js (kivinjari kilichogeuzwa jukwaa la programu) na SVG mahali pa Tk, iliwabidi waingie kwenye msimbo wa C na kuzibadilisha amri hizo. Kazi nzito ilikuwa huko, mbali na vitufe.

OpenGL tupu inawezekana. Blender, programu ya picha za 3D, kwa miaka mingi imejichorea hivyo kiolesura chake chote, pamoja na vihariri vyake vya nodi, yaani vya visanduku na nyaya. Ila maana yake ni kwamba imejiandikia tulkiti yake: kistari kinachopepesa ndani ya kisanduku cha maandishi, kunakili na kubandika, menyu zinazojifunga ukibofya pembeni. Basi anayetaka Tk iondoke Pure Data ana haki ya kutaka, ila aseme pia ni kanvasi gani itakayokaa mahali pake, na kama ni ya kusahau, nyaya zitakumbukwa na nani.