"Nimemtaja mwandishi" si ruhusa

Msimu wa tasnifu ukifika, wanafunzi wa vyuo vya hapa Mwanza huniletea utetezi uleule: "Lakini madam, nimemtaja mwandishi!" Siwalaumu peke yao. Mwaka wa kwanza tunawafundisha kuandika marejeo kwa mtindo wa APA, tunawatisha na asilimia za Turnitin, programu ya kukagua maandishi yaliyonakiliwa, kisha tunanyamaza. Hakimiliki yenyewe haiguswi.

Kutaja chanzo kunakuepusha na wizi wa kitaaluma. Hakimiliki inauliza swali jingine: nani alikuruhusu kunakili, kutafsiri au kusambaza kazi hii? Unaweza kukosea upande mmoja bila kukosea ule mwingine. Shaaban Robert alifariki 1962, na sheria yetu ya 1999 inalinda kazi kwa uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Shairi lake leo unalichapa bila kuomba ruhusa. Ukiliwekea jina lako, huo ni wizi wa kitaaluma palepale. Kitabu cha mhadhiri aliye hai nacho, ukikitoa kopi chote steshenari, ukakibaindi na kuwauzia wenzako, umevunja haki yake hata kama jina lake limebaki jaladani.

Wanaoniumiza zaidi ni wa afya. Mtu anataka kujua kama wagonjwa wa presha wanameza dawa ipasavyo. Anachukua dodoso la Morisky la maswali 8, analitafsiri, analigawa kliniki, halafu marejeo anayaandika bila kosa hata la nukta. Dodoso hilo linahitaji leseni! Wenye haki wamewafuata watafiti, na kuna makala zilizoondolewa kwenye majarida kwa mgogoro huo. PHQ-9 ya kupima sonona, kwa upande wake, iko wazi: chini ya fomu imeandikwa kwamba kuinakili, kuitafsiri na kuisambaza hakuhitaji ruhusa. Ni mstari mmoja tu wa kusoma. Ndiyo maana nasisitiza, na nitaendelea kusisitiza: omba ruhusa kabla pendekezo la utafiti halijaenda kamati ya maadili, na majibu ya ombi lako uyaweke kwenye viambatisho. Ukisubiri hadi data zimekusanywa, umechelewa.

"Haijasajiliwa COSOTA, kwa hiyo haina mwenyewe." Hapana. Haki inaanza kazi inapotungwa. Usajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini, unasaidia ushahidi.

"Ni kwa ajili ya masomo." Sheria inaruhusu kunukuu kwa kiasi, na kutumia kazi kama kielelezo cha kufundishia. Kitabu kizima kilichorushwa kwenye grupu la WhatsApp la darasa si kielelezo.

"Picha nimeitoa Google." Google imekuonyesha tu ilipo. Jiwe la Bismarck la hapa Mwanza ni la wote, lakini picha yake ni ya aliyeipiga. Simu unayo, jiwe liko pale karibu na kivuko cha Kamanga. Nenda kapige yako.

Na wale wanaolalamika kwamba wazo lao limeibiwa: hakimiliki hailindi wazo, inalinda namna ulivyoliandika. Kama umebuni kifaa, tuseme kikaushio kipya cha dagaa, hapo unazungumzia hataza, yaani haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, na mlango wake ni BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni. Peleka maombi kabla hujakionyesha kwenye maonesho au kukieleza kwenye jarida, maana uvumbuzi hupimwa kwa upya wake.