Kadi ya bima ya afya haiazimwi

Dodoma mjini, Kongwa hata Mpwapwa, wengi huamini kwamba anayekatwa mchango kila mwezi anaweza kumpa ndugu yake kadi ya bima ya serikali akatibiwe. Hoja yao inaeleweka: pesa ni yangu, na mwezi huu sijaugua.

Ila mchango si akiba. Huingia kwenye mfuko wa pamoja, na wanaotibiwa kwa kadi hiyo ni mwanachama na wategemezi aliowasajili. Kujifanya mtu mwingine kwa nia ya kulaghai ni kosa katika Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Kuna na hili, ambalo kwangu ndilo zito zaidi: ugonjwa wa shemeji, dawa zinazomdhuru, hata kundi lake la damu, vyote vinaandikwa kwenye faili lako.

Unaweza kuhakikisha mwenyewe. Soma masharti ya fomu ya uanachama, au Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, iliyopitishwa bungeni hapa hapa Dodoma. Na kabla ya kusaini fomu hospitalini, linganisha vipimo na dawa zilizoandikwa na ulichopewa kweli. Udanganyifu mwingine hufanywa na watoa huduma, mgonjwa hana habari.