Sampu Kubwa Haipandishi Presha ya Oili

Swali limerudi tena, na kama kawaida limekuja na jibu lake ndani: injini ni Chevrolet 350 (namba ni ukubwa wake kwa inchi za ujazo), sindano ya presha ya oili imelala chini, kwa hiyo itafutwe sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, ya lita nane. Hapana. Ukifuata ushauri huo utatumia pesa nyingi na huenda sindano ikashuka zaidi, na nitaeleza kwa nini.

Presha inatokea pale pampu inaposukuma oili kwenye nafasi nyembamba kati ya beringi na krenki, shafti inayozungushwa na pistoni. Beringi zikilika, nafasi inapanuka, oili inapita bila kubanwa, sindano inashuka. Weka chini yake sampu ya ukubwa wowote, nafasi ile itabaki ilivyo. Sampu ina kazi moja tu kuhusu presha: kuhakikisha streina, mdomo wenye wavu ambao pampu hunyonyea oili, imezama kwenye oili kila sekunde, isivute hewa hata mara moja. Ukilishika hilo, maswali mengine yote ya kuchagua sampu yanakuwa mepesi.

Oili haitulii. Gari likiondoka kwa nguvu, oili inakimbilia nyuma. Ukikanyaga breki inakimbilia mbele. Kona ndefu ya kulia inaipandisha ukuta wa kushoto. Sampu ya injini ndogo ya V8 ya Chevrolet (350 ni mojawapo) kwenye Camaro na Chevelle ina kina chake nyuma, kwa hiyo wakati wa kuondoka streina inaoga, na wakati wa breki kali inaweza kubaki mtupu. Injini za Ford 289 na 302 kwenye Mustang za 1965 hadi 1973 ni kinyume: kina kiko mbele, breki haziwasumbui, kinachowasumbua ni kuondoka kwa kishindo. Kwa hiyo kabla hujaniuliza lita ngapi, niambie gari litafanya nini. Mbio za robo maili? Kona? Kwenda kanisani Jumapili? Kwa hilo la mwisho, sampu ya kiwandani ambayo haijabonyea, kwati 4 (kipimo cha Kimarekani, karibu lita moja) ndani yake na moja kwenye filta, jumla kama lita 4.7, inatosha kabisa.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniudhi kuliko yote: watu kulinganisha sampu kwa lita pekee. Injini ikiwa kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika, krenki inazunguka mara 100 kwa sekunde. Oili inayomwagika kutoka kwenye beringi inadakwa na krenki na kuzungushwa nayo, kama nguo kwenye mashine ya kufulia. Hapo unapoteza mambo mawili. Nguvu inayopaswa kwenda kwenye magurudumu inatumika kuchapa oili, na oili inayochapwa inachanganyika na hewa. Povu hilo likifika kwenye beringi halibebi mzigo kama oili safi.

Kwa hiyo faida kubwa ya sampu yenye kina ni umbali: uso wa oili unakaa mbali na krenki. Lita za ziada zinakuja baadaye. Sampu mbili zinaweza kubeba kwati 7 kila moja, karibu lita 6.6, na zikafanya kazi tofauti kabisa. Moja ina kina cha inchi 8.25 na kuta zilizonyooka. Nyingine ina kina cha kiwandani, inchi 7.5, lakini imetanuliwa ubavuni. Utanuzi wa maana ni ule wa upande wa abiria wa gari la Kimarekani, yaani kulia, kwa sababu krenki ikitazamwa kutoka mbele inazunguka kama mshale wa saa, na upande huo ndiko inakoitupa oili. Oili ikipata pa kuingia hairudii krenki. Ila stata ya Chevrolet iko upande huohuo, na mabomba ya ekzosi yanapita hapohapo. Pima kabla ya kununua, si baada.

Ndani, tafuta bamba chini ya krenki linalotenganisha oili iliyotulia na kimbunga cha juu, na vizuizi kuzunguka streina. Kwa mtu wa kona, dai vilango vyenye bawaba vinavyoruhusu oili kuingia kwenye streina na kuizuia kutoka. Bamba linaongeza nguvu za farasi ngapi? Matangazo yana namba zao. Mimi sitaji hata moja, maana inategemea kina, wingi wa oili na mizunguko, na atakayekuahidi namba bila kujua hayo anakuuzia matumaini.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu hulimaliza kwa sentensi moja, na mimi siwezi. Husemwa kwamba pampu ya ujazo mkubwa hukausha sampu ndogo. Kwa hesabu haipaswi kuwa hivyo: beringi zinapokea kiasi kilekile, na kwenye pampu ya Chevrolet valvu ya presha inairudisha ziada ndani ya pampu yenyewe. Lakini sindano kuanguka mwishoni mwa mbio ndefu ni jambo linaloonekana. Nashuku oili inachelewa kushuka kutoka kwenye silinda hedi, kichwa cha juu cha injini, huku nyingine ikining'inia kwenye krenki, na lawama inaangukia pampu. Nashuku tu. Kwa tahadhari, sampu ya kiwandani naifungia pampu ya kawaida.

Kuhusu kutoshea: usinunue sampu kwa mwaka wa gari. Nunua kwa bloku, mwili wa injini wenyewe. Camaro ya 1969 inaweza kuwa imebeba bloku ya 1987, na hakuna atakayekuambia. Kwenye injini ndogo ya Chevrolet, dipstiki (kijiti cha kupimia oili) iliyo ubavuni mwa bloku ilikuwa upande wa dereva hadi 1979, kisha ikahamia upande wa abiria kuanzia 1980. Sili ya nyuma ya krenki ilikuwa vipande viwili hadi 1985, na kuanzia 1986 ni kipande kimoja. Sampu za aina hizo mbili haziingiliani kwa sababu mviringo wa nyuma ni tofauti. Sili ya mbele ya sampu ni nyembamba hadi 1974 na nene 1975 hadi 1985. Ukikosea hiyo ya mbele, sampu itafunga vizuri kwa macho, kisha itavuja siku zote. Nova za 1962 hadi 1967 zina sampu yao maalumu kwa sababu ya fito za steringi. Kwa Ford, ya 302 haiingii kwenye 351 Windsor. Kwa Chrysler, 360 ina yake, usiazime ya 318 wala 340.

Kromu sipendi. Sampu nyingi za bei rahisi zenye kromu ni bati jembamba, kingo zake hazijanyooka, na gasketi haiwezi kuficha hilo. Alumini ya kumimina ni ngumu na kingo zake zimenyooka, ila ikigonga jiwe inapasuka, wakati chuma kinabonyea. Chuma kilichobonyea nacho kina hatari yake: sakafu ikipanda na kugusa streina, pampu inakabwa. Kwa sampu yoyote, sehemu ya chini kabisa isishuke chini ya boriti ya chasisi inayokatiza chini ya injini.

Na hapa ndipo mtu wa lita nane anapoumia. Kila kina cha sampu kina streina yake. Nafasi kati ya streina na sakafu ya sampu iwe robo inchi hadi tatu ya nane, yaani milimita 6 hadi 9.5. Ukifunga sampu ya inchi 8.25 ukaacha streina ya inchi 7.5, umeongeza pengo kwa milimita 19, na lita zako mpya zinabaki chini ya mdomo wa streina zikiwa hazina kazi. Bandika udongo wa plastisini kwenye streina, weka gasketi, funga sampu kwa bolti chache, fungua, kata udongo, pima. Ukisharidhika, streina inayoingizwa kwa kugongwa ichomelewe kwenye pampu, na springi ya valvu ya presha ya pampu itolewe kwanza ili moto usiiharibu. Streina ikidondoka barabarani, injini imekufa.

Kama umeweka krenki yenye mwendo mrefu zaidi wa pistoni, mfano injini ya 383, zungusha injini kwa mkono mzunguko mzima sampu na bamba vikiwa vimefungwa. Bolti za konrodi, fito zinazounganisha pistoni na krenki, zinahitaji nafasi ya angalau milimita 1.5 kila mahali.

Kingo zilizopinda kwenye matundu ya bolti zigongwe zinyooke kabla ya gasketi kuguswa. Mimi nachukua gasketi ya mpira ya kipande kimoja. Silikoni kidogo kwenye pembe nne tu. Bolti ndogo za robo inchi zikazwe kwa pauni-inchi 80, kama niutoni-mita 9. Zile nne za pembeni ni 165, karibu 19. Anayekaza hadi gasketi ichungulie nje ndiye anayerudi kulalamika kuhusu uvujaji.

Mwisho, dipstiki ya zamani haijui sampu mpya. Mimina kiasi ambacho mtengenezaji wa sampu ametaja bila filta, subiri oili itulie, chomeka dipstiki na uchonge alama pale ilipofika. Washa injini dakika moja filta ijae, zima, subiri, kisha ongeza hadi ifike alama ileile.