Mpango wa mamografia katika jamii: utajuaje kama unasaidia?

Wanawake wengi wamepigwa mamografia, yaani picha ya eksirei ya kutafuta saratani ya matiti, mwaka huu. Je, hayo si mafanikio?
Bado. Idadi hiyo inaonyesha tu kwamba mashine haikukaa bure. Uliza kwanza wangapi walialikwa na wangapi kati yao walifika. Miongozo ya Ulaya hutaka angalau asilimia 70. Kisha uliza waliokosa ni akina nani.

Na wanaoitwa tena kwa vipimo zaidi?
Kuitwa tena si kuwa na saratani. Wengi wao hukutwa hawana. Miongozo hiyohiyo hutaka wasizidi asilimia 7 katika awamu ya kwanza na asilimia 5 katika awamu zinazofuata. Wakizidi, watu wanatiwa hofu bure. Wakipungua mno, huenda kuna uvimbe unaopita bila kuonekana. Kwa hiyo zihesabiwe pia saratani zinazojitokeza kabla ya kipimo kijacho, kwa mwanamke aliyeambiwa yuko salama. Bila rejista ya saratani, yaani orodha rasmi ya wote waliogunduliwa nayo, hesabu hiyo haipatikani.

Waliogunduliwa kwa mamografia huishi miaka mingi zaidi baada ya kugunduliwa. Si ushahidi tosha?
Hapa ndipo wengi huteleza, hata wataalamu. Chukua mwanamke ambaye saratani itamuua akiwa na miaka 70. Akihisi uvimbe mwenyewe akiwa na miaka 66, tutasema ameishi miaka 4. Mamografia ikiuona akiwa na miaka 62, tutasema ameishi miaka 8. Amekufa siku ileile. Kilichoongezeka ni miaka ya kujua kwamba anaumwa. Tena saratani zinazokua polepole ndizo hunaswa kwa urahisi na kipimo cha kila baada ya miaka miwili au mitatu, zile kali hujitokeza katikati. Kipimo cha haki ni vifo vya saratani ya matiti miongoni mwa wote walioalikwa, wakiwamo wasiofika, vikilinganishwa na vya wasioalikwa.

Kuna madhara?
Yapo. Jopo huru la Uingereza lilikadiria mwaka 2012 kwamba wanawake 10,000 wakialikwa kuanzia umri wa miaka 50 kwa miaka 20, vifo 43 huzuiwa, na wanawake 129 hugunduliwa na saratani ambayo isingewasumbua maishani. Hao nao hupasuliwa na kupewa mionzi. Mwanamke aambiwe namba zote mbili kabla hajaamua. Kumtajia moja tu ni kumshawishi.

Vifo huchukua miaka kupungua. Tuangalie nini kwa sasa?
Mpango wa Shirika la Afya Duniani kuhusu saratani ya matiti, ulioanza 2021, unataka zaidi ya asilimia 60 ya saratani zigundulike zikiwa hatua ya kwanza au ya pili, uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni, na asilimia 80 wamalize matibabu. Mimi ningeanza na hilo la mwisho. Picha iliyoonyesha uvimbe, kisha mwenyewe akakosa upasuaji au dawa, haijamwongezea hata siku moja.